Niendelee na efavirenzi, nihamie TLD, au nisubiri sindano? Tulinganishe faida na madhara

Alfajiri_Njema

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama ninayeishi na VVU, dawa nilianza zamani, na muda wote nimekuwa kwenye mseto wa tenofoviri, lamivudini na efavirenzi, kile kidonge kimoja cha usiku. Kipimo cha wingi wa virusi kinasoma "havionekani". Sasa kliniki wananishauri nihamie TLD, yaani efavirenzi itoke na dolutegraviri iingie. Nilipouliza kuhusu sindano nikaambiwa huenda baadaye. Nimepewa muda wa kufikiri mpaka nitakaporudi kuchukua dawa.

Yanayonisumbua ni haya. Usingizi wangu ni wa mang'amung'amu na ndoto za kutisha haziishi. Lakini kila ninayemfahamu aliyehamia TLD naona amenenepa. Tena natamani mtoto mwingine, na niliwahi kusikia dolutegraviri inadhuru kichanga tumboni. Na zaidi ya yote: kwa nini nibadilishe dawa ambayo inafanya kazi? Mwenye kujua anieleze mazuri na mabaya ya kila upande, asinifiche kitu.

Bi_Zamu

Pole na hongera dada Alfajiri. Hongera kwa sababu kufikia "havionekani" na kubaki hapo ni kazi yako, si ya kidonge peke yake. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ARV. Naanza na swali lako la mwisho.

Efavirenzi iliidhinishwa mwaka 1998 na imeokoa maisha ya watu wengi mno. Udhaifu wake ni kwamba kirusi kikipata badiliko moja tu katika vinasaba vyake, dawa inashindwa. Ukikosa dozi za hapa na pale usugu unaweza kuingia, na ukishaingia unakuwa umepoteza na nevirapini hata kama hujawahi kuimeza, maana ni za kundi moja. Dolutegraviri ni ngumu zaidi kwa kirusi kuizoea, na inashusha wingi wa virusi kwa kasi zaidi kwa anayeanza dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipa nafasi ya kwanza mwaka 2018, na likalisisitiza hilo mwaka 2019. Kwa hiyo hoja ya kuhama si kwamba dawa yako imechoka. Ni kwamba ile nyingine inakuvumilia zaidi siku ambayo maisha yatakuyumbisha.

Kuhusu usingizi, unayoyaeleza ni madhara yanayojulikana ya efavirenzi: kizunguzungu, ndoto nzito, kuamka umechoka, na kwa baadhi huzuni inayokaa muda mrefu. Imehusishwa hata na mawazo ya kujidhuru. Tafadhali, kama huzuni ipo usiichukulie kama tabia yako, iseme kliniki. Wengi huvumilia miaka wakidhani ndivyo walivyo, na hili linaniumiza kila ninapolikuta. Dolutegraviri nayo inaweza kumkosesha mtu usingizi, lakini tofauti ni kwamba mara nyingi dawa ni kuihamishia asubuhi tu. Maudhi mengine ya mwanzoni ni kichwa kuuma na kichefuchefu, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache.

Sasa mimba. Ulichosikia kilikuwa na chanzo. Mwezi Mei 2018 utafiti wa Tsepamo wa nchini Botswana ulitoa tahadhari: kati ya akina mama 426 waliokuwa wanameza dolutegraviri wakati mimba inatungwa, watoto 4 walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Hiyo ni karibu asilimia 1, na ilitisha. Nchi nyingi zikawazuia wanawake. Lakini utafiti haukuishia pale. Kadiri akina mama walivyoongezeka, wakafika maelfu, kiwango kilishuka mpaka kikawa sawa na cha wanaotumia dawa nyingine. Mwezi Julai 2019 WHO ikasema dolutegraviri itumike kwa wote, wakiwemo wanawake wanaotarajia kushika mimba. Ile habari ya mwanzo ilienea kwa kishindo, ya pili ikapita kimyakimya, ndiyo maana mpaka leo hofu ipo.

Meza foliki asidi kabla ya mimba kama anavyoshauriwa mama yeyote. Na kwa wengine wanaosoma hapa ambao hawataki mimba: efavirenzi inapunguza nguvu ya vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi. Dolutegraviri haina tatizo hilo. Mwanamke mwenye kijiti akiwa kwenye efavirenzi aongee na mtoa huduma.

Tabasamu

Mimi nimehama, na nitasema ukweli kuhusu uzito kwa sababu wengi wanazungukazunguka. Nimeongezeka. Nguo zangu za zamani nimezigawa. Mwanzoni ndugu walifurahi wakasema nimepona, baadaye mimi mwenyewe nikaanza kuchoka kupanda ngazi.

Lakini usingizi! Sikujua binadamu analala hivi. Efavirenzi ilinifanya niwe mkali kwa watoto bila sababu, nikitoka kwenye ndoto ya kufukuzwa nashinda siku nzima moyo unadunda. Hilo limekwisha. Ukiniuliza leo nichague, nabaki TLD na kupambana na uzito. Ila nilitamani mtu aniambie mapema ili nianze kutembea na kupima uzito tangu mwezi wa kwanza, si kusubiri mpaka mwili umeshabadilika.

Bi_Zamu

Asante Tabasamu kwa kusema wazi. Niongeze takwimu ili dada Alfajiri apime mwenyewe. Utafiti wa ADVANCE uliofanyika Afrika Kusini ulilinganisha makundi matatu ya watu waliokuwa wanaanza dawa, na matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya wiki 48, waliokuwa kwenye dolutegraviri na tenofoviri hii ya kawaida (TDF) waliongezeka kwa wastani wa kilo 3.2. Waliokuwa kwenye dolutegraviri na ile tenofoviri mpya (TAF) waliongezeka kilo 6.4. Wa efavirenzi, kilo 1.7. Wanawake waliongezeka zaidi ya wanaume.

Mambo mawili kuhusu namba hizo. Wastani unaficha: wapo wasioongezeka kabisa na wapo walioongezeka mno. Halafu, efavirenzi yenyewe huwa inazuia uzito kwa baadhi ya watu, hasa wale ambao miili yao huivunja dawa hiyo polepole ikajaa kwenye damu. Mtu kama huyo akiiacha, sehemu ya uzito anaoupata ni ule ambao dawa ilikuwa inamnyima. Dada, kwa ndoto unazozieleza, inawezekana ukawa miongoni mwao. Pima uzito na kiuno kabla ya kuhama, uandike.

Mpita_Njia

Samahani kuingilia. Kama virusi havionekani kabisa, kwa nini asipumzike dawa zote miezi kadhaa, figo na ini vipumue, kisha aanze hiyo mpya mwili ukiwa msafi? Kuna watu wanafanya hivyo na wako salama.

Bi_Zamu

Ndugu yangu, hapana. Nasema kwa msisitizo kwa sababu atakayesoma hapa anaweza kulifuata. "Havionekani" maana yake dawa imevibana mpaka kipimo hakivioni. Vimejificha ndani ya seli na vinasubiri. Ukiacha, kwa watu wengi vinarudi ndani ya wiki chache.

Na jambo hili limeshapimwa. Utafiti wa SMART uliwahusisha watu zaidi ya 5,000 katika nchi nyingi, kundi moja likameza dawa mfululizo, jingine likapumzishwa CD4 (seli za kinga ya mwili) zikiwa juu na kurudishwa zikishuka. Mwaka 2006 ilibidi usimamishwe, kwa sababu waliopumzishwa walikuwa wanaugua na kufa zaidi. Tena katika kundi lililopumzishwa magonjwa ya moyo, figo na ini ndiyo yaliyoongezeka, hivyo viungo unavyotaka vipumue viliumia zaidi bila dawa. Virusi vinapozunguka mwilini vinawasha moto ambao hauchagui kiungo.

Kwa efavirenzi kuna hatari ya ziada. Inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko wenzake wawili. Ukiacha vyote siku moja, hao wawili wanaisha mapema na efavirenzi inabaki peke yake, na kirusi kinachopambana na dawa moja tu ndicho kinachojifunza usugu.

Mzee_Subira

Wanangu, salaam. Mimi nimeanza enzi za zidovudini na stavudini. Vijana mnapolalamikia TLD nawaelewa, lakini nataka mjue tulikotoka.

Zidovudini ilikuwa dawa ya kwanza kabisa kuidhinishwa, mwaka 1987. Ilinikausha damu mpaka nikaongezewa hospitali. Nikahamishiwa stavudini. Hiyo ilinikula mashavu na makalio, mafuta yakahama yakakaa tumboni, na nyayo zikawa zinawaka usiku kama nimekanyaga makaa. Ganzi hiyo ya miguu haijaondoka hadi leo. Mwaka 2009 WHO ikasema stavudini iondolewe. Wenzangu wengi hawakuuona mwaka huo, na waliouona wengi ni kwa sababu ya dawa hizohizo zilizotutesa.

Nasema haya kwa sababu katika kulinganisha, kuna madhara yanayoondoka ukibadilisha dawa na kuna yasiyoondoka. Ndoto zitakwisha. Uzito unaweza kushughulikiwa. Mishipa ya fahamu iliyoharibika na mafuta ya uso yaliyoyeyuka ni shida kurudi. Swali hilo muulize daktari kwa kila dawa anayokuandikia: nikipata shida, nikiacha hii itaondoka?

Upande wangu wa sasa ni figo. Tenofoviri imo kwenye mseto wa zamani na imo kwenye TLD, kwa hiyo dada Alfajiri ukihama hukuikimbia. Kwa watu wengi haina neno. Kwa wenye umri, wenye shinikizo la damu au kisukari, inaweza kuzichosha figo na kupunguza uzito wa mifupa. Mimi imebidi waniondolee, niko kwenye dolutegraviri na lamivudini tu.

Bi_Zamu

Shikamoo mzee. Umenipa mlango wa kueleza kitu kinachowatisha wengi. Mtu akianza dolutegraviri, kipimo cha kreatinini, yaani taka ya mwili inayotumika kupimia figo, hupanda kidogo katika wiki za mwanzo. Hapo figo hazijaumia. Dawa inazuia njia moja ambayo kreatinini hupitia kutoka mwilini, basi inabaki nyingi kidogo kwenye damu huku figo zikichuja kama kawaida. Hupanda kidogo, kisha hutulia. Ikiendelea kupanda mwezi baada ya mwezi, hapo tunaitazama tenofoviri. Ndiyo sababu inafaa kupima kabla ya kuhama, ili kuwe na namba ya kulinganishia.

Na mseto wa dawa mbili alio nao mzee haumfai kila mtu. Mwenye homa ya ini B haupati.

Kaka_Mkubwa

Niongee kuhusu sukari maana ni langu. Nina kisukari na niko TLD. Kabla ya kuhama nilikuwa namezeshwa metfomini kwa dozi kubwa. Dolutegraviri inaongeza metfomini kwenye damu, hivyo daktari wangu aliishusha isizidi miligramu 1,000 kwa siku, kisha tukafuatilia sukari kwa karibu. Ukiwa unachukua dawa za kisukari sehemu moja na ARV sehemu nyingine, hakuna atakayeliona hilo isipokuwa wewe. Nenda na vidonge vyako vyote mezani.

Kuhusu TLD yenyewe kupandisha sukari: inatokea kwa wachache, kuna walioingia hospitali sukari ikiwa juu sana ndani ya miezi ya kwanza. Ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kupungua ghafla, usingoje tarehe ya kliniki.

Nyingine: vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini vinaishika dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza dolutegraviri saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Chuma na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja nayo ukiwa unakula chakula. Dada, ukishika mimba utapewa vidonge vya chuma, kwa hiyo hili likariri.

Na ukipata kifua kikuu, mwambie anayekutibu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaishusha dolutegraviri sana, lazima imezwe mara mbili kwa siku, miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini.

Hatua_kwa_Hatua

Sindano nimeitumia, hivyo niijibie. Ni mbili kwa pamoja, kabotegraviri na rilpivirini, moja kila kalio. Za mwanzo hupishana mwezi mmoja, halafu kila baada ya miezi miwili. Kwangu faida yake haihusu nguvu ya dawa. Nyumbani kwangu hakuna kopo. Nilikuwa naishi na watu wasiojua hali yangu, na kila nilipotikisa mkoba vidonge vikalia roho iliniruka. Hofu hiyo imekwisha, na sijui nawezaje kumweleza mtu ambaye hajawahi kuishi nayo.

Kwa ufanisi, utafiti wa CARES uliofanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini uliwachukua watu ambao virusi vyao vilikuwa vimeshafubazwa kwa vidonge. Baada ya wiki 48, zaidi ya asilimia 96 walikuwa bado wamefubazwa, waliochomwa sindano na waliobaki na vidonge vilevile. Mwezi Julai 2025 WHO ikaikubali kama njia mbadala kwa watu wazima na vijana waliokwisha fubaza virusi.

Hasara sasa. Kalio linauma siku mbili tatu, wengine uvimbe. Unafungwa na tarehe, una nafasi ya siku saba tu kabla au baada. Ukisafiri au dawa ikichelewa kufika kituoni, ni lazima upewe vidonge vya kuziba pengo. Na ukiacha, mabaki ya dawa hubaki mwilini mwaka mzima au zaidi kwa kiwango kidogo kisichotosha kumzuia kirusi, hivyo lazima uanze vidonge mara moja. Ikishindwa, ambayo hutokea kwa wachache sana, mara nyingi inaacha usugu kwa kundi la dolutegraviri, yaani unapoteza silaha yako bora. TLD ikishindwa mara nyingi ni kwa sababu haikumezwa, na ukirudi kumeza vizuri wengi wanafubaza tena.

Rifampisini nayo haichanganyiki na sindano hizi.

Alfajiri_Njema

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Hiyo homa ya ini B imetajwa na mimi sijawahi kuambiwa kama nimepimwa. Inahusiana vipi?

Bi_Zamu

Inahusiana sana, na nimefurahi umeuliza. Tenofoviri na lamivudini zinatibu VVU na pia zinabana kirusi cha homa ya ini B. Mtu anaweza kuwa nacho bila kujua kwa kuwa mseto wake unakidhibiti kimyakimya. Akihamia sindano, au mseto usio na tenofoviri, kirusi cha ini kinaachiwa, na ini linaweza kuvimba ghafla kiasi cha kuua. Kwa hiyo ukitaka sindano siku yoyote, kipimo hicho kinatangulia. Ukihamia TLD, tenofoviri inabaki, ulinzi unabaki.

Jambo jingine la kuomba: kipimo kipya cha wingi wa virusi kama cha mwisho ni cha zamani. Ripoti ya WHO ya mwaka 2024 kuhusu usugu ilionyesha kwamba kwa watu waliohamishiwa dolutegraviri wakiwa na virusi vingi, usugu kwa dawa hiyo ulifika asilimia 19.6 katika baadhi ya takwimu. Kwa wengine ulikuwa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, nao walikuwa watu ambao virusi vyao vilikuwa havijafubazwa. Anayehama akiwa amefubaza, kama wewe, yuko kwenye njia salama zaidi.

Macho_ya_Jua

Na sisi tulio mstari wa pili, yaani tuliobadilishiwa dawa baada ya za kwanza kushindwa, msitusahau. Niko kwenye atazanaviri yenye ritonaviri. Macho yamekuwa ya njano, watu wananiuliza kama naumwa ini. Ni hatari?

Bi_Zamu

Kwa atazanaviri unjano huo mara nyingi hutokana na bilirubini, ile rangi ya njano ya damu, ambayo dawa inaizuia isichakatwe, ini lenyewe likiwa zima. Lakini usijihakikishie mwenyewe, wapime vimeng'enya vya ini wakutofautishie. Unywe maji ya kutosha maana inaweza kuleta mawe kwenye figo, na usijinunulie omeprazoli, inaizuia dawa isifyonzwe. Kama wewe uliondolewa kwenye efavirenzi au nevirapini na hujawahi kumeza dolutegraviri, waulize kama unaweza kupewa. Wengi wa mstari wa pili wanastahili na hawajui.

Alfajiri_Njema

Sista, la mwisho. Mume wangu hana maambukizi. Tukitafuta mtoto huku nahama dawa, namweka hatarini?

Bi_Zamu

Mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wapenzi waliofuatiliwa kwa miaka. Kuhama kwenyewe hakukuondoi hapo, kukosa dozi ndiko kunakokuondoa. Mimi ningekushauri uhame kwanza, upime tena wingi wa virusi baada ya miezi michache, jibu likitoka vizuri mtafute mtoto kwa amani. Mume akitaka utulivu zaidi wa moyo katika kipindi hicho, dawa za kinga kabla ya maambukizi zipo kwa ajili yake.

Namna ya kuhama: usiku meza efavirenzi ya mwisho, asubuhi yake anza TLD, bila siku ya katikati isiyo na dawa. Ndoto zinaweza kuendelea wiki kadhaa kwa sababu efavirenzi inachelewa kutoka. Zikikuzidia, au usingizi ukikata kabisa, njoo kabla ya tarehe yako.

Tabasamu

Dada Alfajiri, ukianza niandikie faraghani. Tutakuwa tunakumbushana kutembea jioni.